Matanga Yasiyokuwa na Marehemu

Kwa mwaka mzima niliwaficha kina mama wa chama chetu jambo moja: Jumamosi nikiwa sina zamu, nilikuwa natoka Woolwich, nabadilisha mabasi mawili, naenda kutembea makaburini. Si kumzuru mtu. Kutembea tu, na viatu vya raba na chupa ya maji, kama wenzangu wanavyokwenda bustanini. Mmoja wao akinipigia simu nikiwa huko nilisema niko sokoni, na kunguru wakianza kelele zao nilikohoa mpaka wanyamaze.

Aliyeniambukiza ugonjwa huo ni mzee mmoja Mwingereza niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake. Kazi yangu ni hiyo, kuwaosha wazee, kuwavisha na kuwapa dawa, halafu kuandika kwenye daftari la kazi kwamba wameoshwa na wamevaa. Mzee huyu alikuwa na albamu. Nilipoifungua mara ya kwanza nilidhani nitaona harusi na watoto, nikakuta mkewe, mama mnene mwenye kofia, anacheka kando ya kaburi. Nikafunua ukurasa. Kaburi jingine, kofia ileile, kicheko kilekile. Paris, Genoa, Vienna. Niliifunga albamu taratibu nikawaza kama hili nalo ni la kuandika kwenye daftari.

Mzee akanieleza. Huku Ulaya kuna njia za safari ambazo si barabara. Ni orodha ya mahali pa kale palipounganishwa kwa jambo moja, kutoka nchi hadi nchi, na wewe msafiri unafuata. Kuna njia ya mahujaji, kuna ya mizeituni, kuna ya miji yenye mabafu ya maji moto. Na kuna ya makaburi. Watu wazima, wenye akili zao na pensheni zao, wanaomba likizo, wanapanda treni, wanalala hotelini, ili asubuhi waamke wakatazame alipolala mtu wasiyemjua hata kwa salamu. Mzee na mkewe walikuwa wameifuata njia hiyo tangu walipostaafu hadi mkewe alipokufa.

Mimi kwetu kaburini huendi bila sababu. Unakwenda na watu, mnalia, mnarudi mnanawa mikono, basi. Mtoto akionekana anacheza huko anachapwa. Kwa hiyo mzee alipoanza kuniomba kila Alhamisi nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu hadi makaburi fulani ya zamani kusini mwa London, ambayo nayo yamo kwenye ile njia, nilisukuma huku nikisali. Wiki ya tatu nikaacha kusali nikaanza kuuliza maswali. Mzee alijua kila jiwe. Huyu alitajirika kwa kuuza vidonge vya tumbo ambavyo havikutibu tumbo la mtu yeyote. Yule alikuwa na sarakasi, na tembo wake alitembea nyuma ya jeneza. Bila kujua nikanogewa.

Makaburi yale yana watu wa kujitolea wanaowatembeza wageni. Wanavaa beji, wanatangulia mbele, wageni wanafuata. Mzee kabla hajahamia kwa mwanawe kaskazini alinijazia fomu ya kuomba niwe mmoja wao, na niliisaini haraka kabla hajabadili mawazo. Nitasema kwa nini. Nimekaa London miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo mimi ndiye wa kuonyeshwa. Nimeonyeshwa pa kusimama, pa kusubiri, mlango wa kuingilia na mlango ambao si wangu. Hata binti yangu, niliyemzaa mwenyewe, hunionyesha kwa kidole jinsi ya kutumia simu yangu. Nilitaka, angalau saa moja na nusu kwa wiki, mimi niwe wa kuwaambia watu kona iko wapi. Nilikitaka kitu hicho kwa namna ambayo iliniaibisha, ndiyo maana sikumwambia mtu.

Ili upewe beji lazima ufanyiwe mtihani. Unaleta wageni wako mwenyewe, wasiopungua wanane, unawatembeza, na mkaguzi anafuata nyuma na karatasi yake. Wageni wakipungua, mtihani hakuna, ungoje mwaka mwingine. Nilimwomba binti yangu awe wa kwanza. Kiswahili anakielewa chote, hasa nikinong'ona, lakini hujibu kwa Kiingereza.

“Mum, no. That's actually creepy,” alisema, yaani jambo hilo linatisha, akarudi kwenye simu yake.

Nikabaki na kina mama wa chama. Sisi ni Wakenya wengi wetu, manesi na walezi kama mimi, tumetawanyika kuanzia Ilford hadi Harrow. Usiku ule niliandika ujumbe kwenye kundi letu la simu nikaufuta mara nne. Kila nilipojaribu kueleza habari ya njia za Ulaya nilijiona mjinga. Mwishowe nikatuma hivi: “Kina mama, Jumamosi saa nne asubuhi naomba mje makaburini. Anwani hii hapa. Nawahitaji sana siku hiyo, msiniache peke yangu. Mengine nitawaeleza tukionana.” Nikaizima simu nikaingia kazini.

Sasa wewe msomaji umeshaona nilichokifanya. Mimi sikukiona. Asubuhi nilipowasha simu nilikuta majibu yamefuatana kama treni. Tutakuja mama. Tuko nawe. Mungu akutie nguvu. Mmoja alikuwa ameandika “Jipe moyo, hii nayo itapita,” nami nikafikiri, huyu lazima ana jamaa anayefanya kazi kule, amesikia habari ya mtihani. Niliguswa kweli. Nikajibu kwa mikono miwili iliyoungana kwa sala, nikakaa nikijisomea kuhusu yule mtu wa tembo.

Jumamosi nilifika mapema. Mkaguzi alikuwa ameshasimama langoni, mama wa Kiingereza mrefu, kofia ya sufu, buti za kupandia milima, ubao wa kuandikia kifuani. Tukasalimiana, akanipa beji ya muda, ya pini, nikaibana kifuani. Aliniuliza kama nina wageni wanane. Nikasema nadhani watafika saba au tisa, nikacheka, yeye hakucheka.

Ndipo yakasimama mabasi madogo mawili, ya kukodi. Akashuka wa kwanza, nguo nyeusi tangu kichwani. Akashuka wa pili, nyeusi. Wakaendelea kushuka. Walikuwa ishirini na watatu, kila mmoja na utepe mdogo wa zambarau umebanwa kifuani kwa pini, na leso kiunoni. Wengine walibeba chupa za chai na hotpoti za chapati. Wawili walishika mashada makubwa ya maua meupe. Halafu wakaanza kuimba, kwa sauti ya kwanza na ya pili, wakaja wakinielekea taratibu, vile tunavyojua kutembea siku kama hiyo.

Nilielewa yote kwa mara moja, kuanzia ujumbe wangu hadi ile “itapita.”

Aliyetangulia alikuwa mwenyekiti wetu. Huyu ni nesi mstaafu, anakaribia miaka themanini, mfupi, na hakuna mtu katika chama anayeweza kuketi kabla hajaketi yeye. Akanikumbatia kwa nguvu mpaka beji yangu ya muda ikanichoma.

“Pole, mama. Pole sana,” akalia begani kwangu. “Niliwakataza wasikuulize kwa simu. Mfiwa hasumbuliwi. Sasa tuko hapa. Ni nani ametuacha?”

“Mwenyekiti,” nikamnong'oneza, “hakuna aliyetuacha.”

Akanitazama usoni. Kazi ya wodini imempa macho ya kupima homa bila kipima joto. “Shock,” akawaambia wengine. “Mleteeni chai ya sukari.”

Ilibidi niseme kwa sauti. Nikaeleza pale langoni, nimeshika kikombe cha chai, kwamba huu ni mtihani, kwamba kuna njia inapita Ulaya nzima kutoka makaburi haya hadi makaburi yale, kwamba watu huja kwa kupenda. Nyimbo zikafa moja moja huko nyuma.

“Kwa hivyo hakuna body?” aliuliza mmoja.

“Hakuna.”

“Na hawa wote waliolala hapa?”

“Ni watu wa zamani.”

“Wako wewe?”

“Hapana. Si wangu.”

Mwenyekiti alijifuta machozi kwa makini, maana sasa yalikuwa yamemwagika bure. “Umetutoa Ilford,” alisema polepole, “mtu ame-cancel shift, mwingine ameamka saa kumi kusukuma chapati, ati tuje tuangalie wazungu waliokufa zamani?”

Mkaguzi akasogea akauliza kama kuna tatizo, na kama hawa ndio wageni wangu, maana muda umefika. Nikaona wawili watatu wameanza kugeuka kuelekea kwenye mabasi. Beji nayo ikageuka nao. Nilihisi hasira, nami nikiona hasira huwa nalia, kwa hiyo nikawa mtu pekee mwenye machozi katika matanga yale, na sikuwa nimefiwa.

Kilichoniokoa ni maua. Aliyeshika shada moja aliuliza, “Haya tunayapeleka wapi?”

Yapo mambo ambayo hakuna anayetufundisha na wote tunayajua. Shada la msiba huliweki tena kwenye gari ukarudi nalo sebuleni kwako.

“Kwangu hayaingii,” alisema mwenyekiti. “Yamekuja makaburini, yatabaki makaburini.” Akanigeukia. “Wewe si ndiye unawajua? Basi tuzungushe. Tutafutie mtu wa kumpa.”

Ndivyo mtihani wangu ulivyoanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa vituo kumi, kila kimoja dakika saba. Nilianza kwa tajiri wa vidonge vya tumbo, kwenye jumba lake la mawe lenye nguzo nne. Nikaeleza nguzo zimeigwa wapi, mawe yalitoka wapi. Niliposema kwamba dawa yake haikutibu mtu, manesi wote wakaguna.

“Huyo hapati,” alisema mwenyekiti. “Ana mawe ya kutosha. Twende.”

Mtu wa sarakasi walimpenda kidogo kwa sababu ya tembo, lakini wakauliza maswali ambayo hayamo kwenye kitabu. Alizaa watoto wangapi? Nani alimwuguza? Aliacha wosia au aliacha kesi? Jenerali mmoja alikataliwa kabla sijamaliza kutaja vita vyake. Kwenye kaburi la mfanyabiashara mmoja, mmoja wa wale waliobeba hotpoti alisoma jiwe mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno. Sifa za bwana zilikuwa mistari kumi na miwili. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: na pia mke wa aliyetajwa juu.

“Jina lake?” akauliza.

“Halijaandikwa,” nikasema. Nilikuwa nimepita hapo zaidi ya mara thelathini nikitazama malaika aliye juu.

“Alizaa, akapika, akazikwa, wakamwandika *na pia*?”

“Wangu nikimzika nitaandika vivyo hivyo,” alisema mwingine. “Mimi mistari kumi na miwili, yeye *na pia*.”

Walicheka mpaka mwanamume mmoja aliyekuwa akikimbia na mbwa akasimama. Mimi nilikuwa natazama saa. Tumetumia dakika hamsini kwa vituo vinne, mkaguzi anaandika bila kuinua kichwa, na mimi nimejaa jasho chini ya koti. Karatasi zangu za maelezo hazikuwa na faida tena. Nikazikunja nikazitia mfukoni.

Tukaiacha njia yangu hapo. Mwenyekiti alikuwa ameona jiwe dogo pembeni, limelalia upande mmoja, nusu limefunikwa na majani. Lile halimo katika kituo chochote. Aliinama, akafuta kwa leso yake, akaniita nimsomee kwa kuwa miwani ameiacha garini. Lilisema kwamba hapa amelala mwanamke fulani, kwa miaka arobaini na mmoja mtumishi mwaminifu na rafiki wa familia fulani, ambao ndio walioliweka jiwe hili.

Yule wa hotpoti akaweka mzigo wake chini.

“Miaka arobaini na mmoja, nyumba moja,” alisema wa hotpoti. “Huyu alikuwa live-in, wa kulala kazini.”

“Alikuwa na off kweli, hata siku moja ya kupumzika?”

“Off gani. Aliamshwa usiku kila wakati.”

“Watu wake walikuwa wapi?” aliuliza mwenyekiti, na swali hilo aliniuliza mimi.

Nilitafuta kichwani kitu cha kitabuni, sikupata. Nikasema ukweli. Nikasema sijui, na kwamba watu wengi wa kazi yake walitoka vijijini wakiwa wasichana, wakalala vyumba vya juu kabisa chini ya paa, na wakizeeka walikuwa na bahati wakipata nyumba iliyowakumbuka. Nikasema nadhani alijua nani katika nyumba ile anaogopa giza na nani anaficha chupa, maana sisi tunajua. Nilikuwa sizungumzi tena kama mtu wa mtihani, nilikuwa nazungumza kama tunavyozungumza kwenye basi tukitoka zamu.

Wakaweka mashada yote mawili. Wakaimba, safari hii kwa sauti ya chini, na wale wawili watatu waliotaka kurudi garini ndio walioimba kuliko wote. Tulimzika mwanamke yule upya, miaka mingi baada ya ile familia kumzika, na wengine walilia kweli. Mimi pia nililia. Nilimlilia yeye, kisha nikawalilia wazee wangu wote ninaowaosha, kisha nikajililia mwenyewe kidogo, kwa kuwa nafasi ilikuwepo.

Baada ya mazishi watu hula. Hilo halikujadiliwa. Hotpoti zikafunguliwa kwenye ukuta mfupi karibu na lango, na mkaguzi, ambaye alianza kusema kwamba kanuni za mahali pale haziruhusu chakula, akapewa chapati mbili na maharagwe kabla hajafika mwisho wa kanuni. Alikula zote. Halafu akaja akasimama mbele yangu na ubao wake. Akasema nimechelewa kwa saa nzima na dakika ishirini. Nimeacha vituo sita. Nimesimama mahali pasipo kwenye orodha. Nilikuwa nikihesabu naye, moja, mbili, tatu, huku nikiona mwaka mwingine wa kungoja. Kisha akasema yeye amekagua watu miaka mingi na hajawahi kuona wageni wakiuliza maswali mengi namna ile, na kwamba hata mmoja hakuondoka. Akasaini. Beji itakuja kwa posta. Akaniomba chai nyingine.

Kina mama walipiga vigelegele, na sijui kama makaburi yale yalishawahi kuvisikia. Mwenyekiti peke yake hakupiga. Alikuwa ameketi mwisho wa ukuta, akanipungia mkono nikakae naye.

“Sasa umepita,” alisema. “Wewe ni wa kuonyesha watu. Nina swali, na usiwaambie hawa.”

Chama chetu, jambo tulilokianzishia hasa ni kuwasafirisha watu wetu nyumbani wakifa. Hakuna tuliyemwacha huku. Yeye ndiye aliyesimamia kila safari, yeye ndiye anayesindikiza sanduku hadi uwanja wa ndege.

“Mimi nimewaambia watoto waniache hapa,” alisema. “Wajukuu ni wa hapa. Wakinipeleka kule nani atakuja? Watatazama picha.” Alikuwa anakunja leso yake yenye udongo, pembe kwa pembe. “Si hapa pa watu wakubwa. Pale karibu na kwangu, pa kawaida. Utapita na wageni wako?”

“Nitapita, mwenyekiti.”

“Utawaambia nini?”

Nilijua hataki nimbembeleze. Nikasimama kama nilivyosimama asubuhi, mikono mbele. Nikasema, huyu ni mama aliyekuja kutoka mbali akiwa na miaka ishirini na mitatu, akajifunza unesi kwenye baridi. Watoto wengi wa mji huu mtu wa kwanza kuwashika alikuwa yeye. Alikuwa mkali. Alizika watu wengi na hakuacha mtu azikwe peke yake. Nikaishia hapo.

Alisikiliza macho yamefungwa.

“Ongeza,” alisema. “Waambie nilitaka kurudi. Waambie kila mwaka nilisema mwaka ujao, na sikuwa nadanganya.”

Nikamwambia nitasema.

“Na useme kwa sauti,” alisema, akinishika bega ili ainuke. “Leo wale wa nyuma hawakuwa wanasikia.”